Msuli Upo

Vipande vinafika maabara katika vikopo viwili vya formalini. Daktari wa upasuaji amepita njia ya mkojo na kitanzi cha waya wa umeme, akaukwangua uvimbe ndani ya kibofu. Kikopo cha kwanza kina vipande vya juu. Cha pili kina vya kitako cha uvimbe. Amevitenga kwa makusudi, maana maswali ni mawili: saratani hii ni ya daraja gani, na imezama kiasi gani.

Fundi wa maabara anavipima uzito na kuvipanga katika kaseti zenye namba. Usiku kucha vinapita kwenye alkoholi, hafifu kwanza kisha kali, mpaka maji yote yatoke. Halafu zailini, halafu parafini ya moto inayojaa pale maji yalipokuwa. Asubuhi kila kaseti imekuwa tofali dogo la nta.

Analipoza juu ya barafu, analifunga kwenye mikrotomu, anazungusha mpini taratibu. Kisu kinatoa utepe wa mikroni 4; unywele wa kichwani ni mnene kuuzidi mara kumi na zaidi. Anaudaka kwa brashi na kuulaza juu ya maji ya uvuguvugu. Mikunjo inajinyoosha yenyewe. Anazamisha kioo chini yake, anaunyanyua mara moja tu, bila kurudia. Baada ya hapo ni rangi: hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, inatia viini vya seli buluu, eosini inavipa vilivyobaki waridi.

Sasa ni zamu ya daktari wa patholojia, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Anaanza na lenzi ndogo, anaizunguka slaidi yote kama mkulima anayekagua shamba kabla ya kushika jembe. Kisha lenzi kubwa. Katika daraja la chini seli bado zina mpangilio. Hapa viini vimevimba, vimekolea, vimeelekea huku na huku, na seli zinazogawanyika zimepanda hadi juu. Ni daraja la juu.

Pembeni anaona yai lililokauka, lenye mwiba nchani: kichocho. Anasaka seli bapa zenye keratini, kwa kuwa kichocho cha miaka mingi huleta saratani ya namna hiyo. Hazipo.

Swali la kina ndilo gumu. Uvimbe usiotoka kwenye utando ni Ta. Ulioingia tishu iliyo chini yake ni T1. Uliofika msuli mnene wa ukuta ni T2. Lakini hata kwenye tishu ile ya T1 mna nyuzi nyembamba za msuli, zilizotawanyika karibu na mishipa ya damu. Saratani imezigusa. Mwenye pupa angeandika T2. Yeye anatazama unene wa kila uzi na mishipa iliyo jirani. Mahali palipoungua kwa umeme hapategemeki.

Simu inalia. “Shikamoo, daktari. Majibu tayari?”

“Marahaba, mwanangu. Bado. Msuli mnene sijauona vizuri. Nimeagiza tofali la kikopo cha pili likatwe ndani zaidi.”

Anajua anachokilinda. T1 mara nyingi hukwanguliwa tena, kisha hutiwa dawa ya BCG kibofuni, ile ile ya chanjo ya kifua kikuu. T2 yaweza kumaanisha kuondolewa kibofu kizima.

Alasiri vinaletwa vioo vipya. Katika cha tatu kuna fungu nene la msuli, waridi, safi mwanzo hadi mwisho. Hafurahi haraka. Anarudia slaidi zote, moja baada ya nyingine, ndipo anaandika: daraja la juu; imevamia tishu ya chini ya utando; msuli mnene upo, haujavamiwa.

Bila lile neno “upo”, “haujavamiwa” lingekuwa kubahatisha tu.