Shamba halifuati nukta

Bandugu, siku hizi fishi za kilimo cha mahindi zinajaa kwenye telefone zetu hapa Kolwezi. Wengi wenye kuziandika ni agronome, sawa mimi. Mambo yao mengi ni ya kweli. Lakini karibu zote ziko na ugonjwa moja: kila jambo linatiwa nukta.

Angalia fishi ya namna ile. Nukta: chokaa. Nukta: urea. Nukta: kupalia. Nukta: kupanda, 75 cm kwa 25 cm. Nukta: NPK. Yote iko ndani, ila mulimaji atajua namna gani jambo gani linatangulia? Udongo wetu wa Lualaba uko na asidi mingi, kwa hiyo chokaa inaingia mbele. Mvua ikishika, mbegu na NPK zinafuata. Kisha tunapalia. Urea inakuja nyuma, mahindi ikifika kwa magoti. Mwenye kutia urea mbele ya kupalia analisha majani, na ule mfuko hatarudishiwa feza yake.

HTML yenyewe inatenganisha mambo haya. <ul> inatoa nukta, <ol> inatoa 1, 2, 3, na ndani ya zote mbili kila jambo linakaa katika <li>. Kanuni ni nyepesi: kama ukigeuza mpangilio maana inabakia ileile, tumia <ul>, kama maana inageuka, tumia <ol>. Jembe, kamba, mbegu, mifuko: nukta inatosha. Hatua za shamba zinaomba namba. Tofauti ni herufi moja tu.

Kuko wengine hawatumii hata <li>. Wanapiga kistari na mkono, kila moja kwa mstari wake. Bruza inafunga mistari ile yote, fishi inakuwa paragrafu moja ndefu. Na telefone yenye kumusomea kipofu haiwezi kumuhesabia hatua.

Tusiseme ni mapambo tu. Fishi inasomwa na mutu mwenye mvua chache za kupandia na feza kidogo ya mbolea. Mbele ya kuituma, changanya hatua zako kwa makusudi, kisha soma tena. Kama shamba linakufa, basi ile listi ilipaswa kuwa <ol>.