Bahati na Umbo Lake: Usomaji wa Modeli ya Wright na Fisher

Modeli iliyotokana na maandishi ya R. A. Fisher ya mwaka 1930 na ya Sewall Wright ya mwaka 1931 imejengwa juu ya kanuni moja: katika jamii ya viumbe N, yenye nakala 2N za jeni, kila nakala ya kizazi kipya huteua mzazi wake kwa nasibu kutoka kizazi kilichotangulia, bila kujali wenzake wameteua nini. Humo hamna njaa wala mwindaji, wala jeni iliyo bora kuliko nyingine. Kizazi kizima huondoka kwa mkupuo na kingine kikashika nafasi. Ubanifu huu ni wa makusudi, kwani kila kilichoachwa nje kimeachwa ili bahati ionekane ikifanya kazi peke yake.

Utamu wa utunzi huu, msomaji mwenzangu, umo katika mvutano kati ya wastani na hatima. Jeni yenye uwiano p leo inatarajiwa, kwa wastani, kuwa na uwiano p kesho, na p tena baada ya vizazi elfu moja; ukitazama wastani peke yake utadhani hakuna kinachotokea. Sasa tazama mtawanyiko wa kizazi kimoja, ambao ni p(1−p) kugawanywa kwa 2N. Neno p(1−p) huwa sifuri mahali pawili tu, p ikiwa 0 au 1, yaani jeni ikishapotea au ikishaitwaa jamii nzima. Kwingine kote mtikisiko hauishi, na kwa hiyo kila jamii, ikipewa muda wa kutosha, huangukia mojawapo ya kingo hizo na kubaki hapo. Na kwa kuwa wastani hauna ruhusa ya kusogea, uwezekano wa kuishia kwenye 1 hauna budi kuwa p yenyewe. Hitimisho hili halikuhitaji dhana mpya hata moja. Limechimbwa lote ndani ya kanuni ya kwanza, na sijui hoja nyingi za kihisabati zenye uchumi wa namna hii.

P. A. P. Moran, mwaka 1958, alibadili mwendo: kiumbe mmoja hufa, mmoja huzaliwa, hatua kwa hatua. Hesabu zake ni laini zaidi, ila hatima ni ileile.

Usomaji wenye ujasiri zaidi ni wa J. F. C. Kingman, aliyeigeuza simulizi mwaka 1982 na kuisoma kinyumenyume. Badala ya kuuliza jeni zinakwenda wapi, huchukua nakala chache za leo na kufuata nasaba zake hadi zikutane kwa babu mmoja. Muundo unaojitokeza hauna ulinganifu: nasaba zikiwa nyingi hukutana upesi, lakini mbili za mwisho hungojeana, kwa wastani, vizazi 2N, ambavyo ni zaidi ya nusu ya kina cha mti mzima. Sehemu kubwa ya historia ya jeni, basi, ni ya matawi mawili tu.

Mwaka 1956 Peter Buri alichapisha matokeo ya makundi 107 ya inzi wa matunda, kila kundi likiwa na madume 8 na majike 8, na jeni moja ya rangi ya macho ikianzia uwiano wa nusu. Kufikia kizazi cha 19, makundi 30 yalikuwa yameipoteza na 28 yalikuwa nayo peke yake, karibu sawa kwa sawa, kama p ya nusu inavyodai. Kasi ndiyo iliyozidi: makundi yalitawanyika kana kwamba yalikuwa na inzi wachache kuliko 16, jambo ambalo Wright alikuwa ameliandalia nafasi kwa dhana yake ya ukubwa fanisi wa jamii. Kilichohitaji kurekebishwa ni thamani ya N. Kanuni ya uteuzi ilibaki kama ilivyoandikwa.