Moshi wa Kilombero Unaishia Wapi?

Zinapotajwa dawa za asili za kuzuia bakteria kwenye nyama na samaki waliosindikwa, wengi hukumbuka karafuu, kitunguu saumu na ndimu. Bonde la Kilombero lina dawa kongwe kuliko hizo jikoni mwake: moshi. Kambale na perege wanaovuliwa mtoni na kwenye mbuga zinazofurika masika hubanikwa juu ya uchanja, ndipo waweze kufika Ifakara na kwingineko bila barafu. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini tunausifu moshi kwa kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na ukavu, na kosa hilo lina madhara.

Kuni zikiungua polepole hutoa fenoli, asidi ya siki na fomaldehaidi, na zote huwadhoofisha bakteria. Tatizo ni kwamba hazizami sana; hubaki karibu na ngozi. Ndani ya mnofu mnene wa kambale, kinachoamua ni maji yaliyobaki huru kutumiwa na vimelea. Kwenye kipimo ambacho maji matupu ni 1, salmonela huacha kukua karibu na 0.94 na listeria karibu na 0.92, ilhali stafilokoka, anayeishi puani na mikononi mwetu, huvumilia hadi takriban 0.86. Kwa hiyo samaki aliyeepuliwa mapema ili abaki na uzito sokoni anaweza kuwa mweusi na kunukia vizuri huku kiini chake kikiwa bado makazi mazuri ya vimelea. Rangi ya moshi haishuhudii chochote kuhusu kilichomo ndani.

Atakayesema wazee walikula samaki huyohuyo na wakaishi hasemi uongo, ila samaki wa zamani aliachwa motoni hadi akakauka kabisa, na mara nyingi alichemshwa tena kabla ya kuliwa. Mwingine atashauri tuongeze karafuu. Yujenoli yake huua bakteria kweli kwenye maabara, lakini ndani ya chakula chenye mafuta sehemu yake hunaswa na mafuta hayo, na kiasi cha kutosha huharibu ladha. Nisini, inayotengenezwa na bakteria wa maziwa ya mgando, huikabili listeria vizuri, ila kwa salmonela peke yake ni dhaifu. Tena hakuna dawa inayofidia uchafu unaoingia baada ya moto: mlipuko wa listeria Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, uliohusishwa na soseji za poloni, uliua watu zaidi ya 200, ingawa poloni ni nyama iliyokwisha kupikwa.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni kwamba kubanika muda mrefu huongeza benzopireni, kemikali ya saratani, hasa mafuta yanapodondokea makaa. Ni kweli, lakini anayetaka ukavu hana haja ya moshi mwingi. Kambale apasuliwe mgongoni na kufunguliwa, atiwe chumvi, akaushwe kwa joto la makaa yaliyokwisha kukolea huku sinia likikinga mafuta, kisha moshi uje mwishoni kwa muda mfupi. Akipoa, awekwe kwenye tenga safi ambalo halikubeba samaki wabichi, na masika arudishwe motoni kabla ya safari, kwa sababu samaki mkavu hunyonya unyevu wa hewa.