Kuhudhuria Darasa Si Kujifunza

Isaac Watts twamjua kwa nyimbo za kanisani; lakini mwaka 1741, huko Uingereza, alitoa kitabu juu ya kuikuza akili, nacho chawafaa hata leo vijana wetu waendao Chuo Kikuu. Ataja njia tano za kupata maarifa: kutazama mambo, kusoma vitabu, kusikiliza mafundisho ya mwalimu, kuzungumza na wenzako, na kutafakari. Uzuri wa kitabu ni huu, kwamba hakuna njia iachwayo isimame peke yake. Mwanafunzi asiridhike kwa kuwa alikuwapo darasani. Asipoelewa, na amwulize mwalimu ama wenzake, hata neno liwe wazi.

Je, shauri hili lazaa matunda? Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alikisoma kitabu hiki alipokuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu London. Mwaka 1812 alisikiliza mafundisho manne ya Humphry Davy, akayaandika upya kwa urefu, akayajalidi, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka 1813 akawa msaidizi wake. Na mwaka 1831 akavumbua jinsi sumaku iwezavyo kuzaa umeme. Wengine waliyasikia maneno yale yale, lakini si wote waliofanya kazi baada ya kusikia.

Hata hivyo kitabu kina kasoro. Kanuni zake ni nyingi mno, hata msomaji achoka kabla ya kuzitenda. Tena chahimiza kurudia, na mvivu aweza kudhani kurudia ni kupitisha macho juu ya daftari. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wataalamu wa Marekani, walionyesha tofauti. Waliosoma habari mara moja, kisha wakajaribu kuiandika bila kuitazama, baada ya juma moja walikumbuka sehemu 56 katika 100. Waliosoma mara mbili walikumbuka 42. Basi kurudia kwa kweli ni kufunga daftari na kujiuliza.

Nasi wazazi, tuuzao ng'ombe na kahawa ili tulipe karo, tuna sehemu yetu. Kijana ajapo likizo, tusimwulize alama zake tu. Tumwambie, "Mwanangu, tufundishe neno moja ulilojifunza." Akilieleza kwa lugha ya nyumbani, hata bibi yake akaelewa, amelipata. Asipoweza, tusimkemee, amekwisha kujua pa kuanzia atakaporudi.