Mkono wa Mtaalamu wa Maabara

Usaha wa jipu ukipakwa kwenye kioo cha hadubini, macho yasiyofunzwa huona uchafu tu. Mtaalamu wa maabara hupaka rangi ya zambarau, hufuatisha iodini, husuuza kwa alkoholi, kisha humalizia na rangi nyekundu. Bakteria aina ya stafilokokasi na streptokokasi wote hubaki na zambarau hiyo. Njia hiyo aliibuni daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alipokuwa Berlin mwaka 1884, na bado inatumika maabarani kila siku. Stafilokokasi hujikusanya vichala kama zabibu. Streptokokasi hupangana mnyororo.

Ila umbo peke yake halitoshi, kwani mara nyingi chembe huonekana mbilimbili au zimetawanyika. Hapo ndipo tone la haidrojeni peroksaidi linapohitajika. Stafilokokasi hutoa povu papo hapo kwa sababu ina kimeng'enya cha katalesi; streptokokasi hutulia tuli. Ni kipimo cha sekunde chache, nami huutazama zaidi mkono unaokifanya. Kwa kijiti cha mbao huchota juujuu ya koloni, yaani kundi la bakteria waliooteshwa, bila kuigusa agari ya damu wanamoota iliyo chini yake, maana chembe nyekundu za damu nazo zina katalesi na zitatoa povu la uongo. Wepesi huo wa vidole haupatikani kwa kusoma kitabu. Naustahi kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Ikishajulikana kuwa ni stafilokokasi, huchanganywa na plazima ya sungura. Plazima ikiganda, mara nyingi huyo ni Staphylococcus aureus, mwenye majipu, vidonda vya usaha na sumu ya chakula. Isipoganda, huenda ni wale wanaoishi kwenye ngozi zetu sote, walioingia kwenye sampuli wakati wa kuichukua. Kuwadhania hao kuwa chanzo cha ugonjwa ni kumpa mgonjwa dawa za bure.

Streptokokasi husomwa kwenye agari ya damu. Wengine huizungushia koloni rangi ya kijani, wengine huyeyusha damu hadi pembeni pakawa peupe. Hao wa mwisho ndio aliohangaika nao Rebecca Lancefield, katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka 1933 aliwagawa kwa herufi, kufuatana na kabohaidreti iliyo kwenye kuta zao, na kazi hiyo akaiendeleza kwa miongo kadhaa. Kundi A huumiza koo, na mtoto asipotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, maradhi ambayo hospitali zetu za Afrika Mashariki zinayajua vizuri mno. Kundi B huweza kumuua mtoto mchanga.

Majibu ya vipimo hivi vyote huamua dawa. Penisilini ingali inaiua streptokokasi ya kundi A, ilhali Staphylococcus aureus wengi huivunja kwa kimeng'enya chao. Daktari anayebahatisha kati ya hao wawili anabahatisha maisha ya mtu.

Kuotesha bakteria huchukua siku moja au mbili, na hakuna namna ya kuwaharakisha. Ukiambiwa urudi kesho kutwa kuchukua majibu, rudi.