Ukwato Uliotanuka na Mkono wa Mkata Kwato

Mtanuko wa ukwato ni kuegemea nje kwa ukuta wake, sehemu ya chini ikiuacha mwelekeo ulioanzia juu, pale nywele zinapokomea. Ukwato mzima hushuka kwa mstari mmoja kutoka kwenye nywele hadi ardhini. Uliotanuka huanza vizuri, kisha njiani hupinda na kufunguka. Wenye mifugo wengi wakiuona husema mnyama ana kwato ndefu, lakini urefu na mtanuko ni mambo mawili. Upo ukwato mrefu ambao bado umeushika mfupa wake barabara, na upo mfupi ambao umekwisha kuuachia.

Mkoani Njombe, Tanzania, suala hili ni la punda kuliko la farasi. Katika miaka ya 1980, wilaya ya Makete ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa (Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012), mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani uliwahimiza wakulima wafuge punda, kwa kuwa sehemu kubwa ya mizigo ya nyumbani ilikuwa ikipita juu ya vichwa vya wanawake: maji, kuni, mahindi ya kupeleka mashineni. Lilikuwa wazo jema. Ila punda ni mnyama wa nchi kavu. Asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, na ukwato wake umeumbwa kwa mawe na changarawe. Ukikutana na maji, huyanywa kuliko wa farasi. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, mvua zake huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na udongo wake mwekundu hushika unyevu muda mrefu. Ukwato ulioloweshwa majira yote hayo hulainika, na ukuta laini ukibebeshwa magunia hupinda upesi. Makambako, kwenye njia panda ya barabara ya Tunduma na ile ya Songea, kuko chini kidogo na kukavu zaidi. Punda anayeshinda kwenye changarawe na kingo za lami husagwa kwato na ardhi yenyewe, na kazi ya fundi wa kukata kwato hupungua.

Kinachoushikilia ukuta ni matabaka membamba mamia kadhaa yaliyoota kutoka kwenye ukuta kwa ndani na kuingiliana na mengine yaliyofunika mfupa. Ukwato ukigeuzwa, kiungo hicho huonekana kwa chini kama mstari mweupe unaozunguka unyayo. Mstari mwembamba na mkavu ni dalili ya afya. Uliopanuka, wenye nyufa, vumbi na madoa meusi, unasema kwamba matabaka yamevutwa hadi yakaanza kuachana. Hapo kila hatua huongeza madhara, kwa sababu ncha iliyochomoza hufanya kazi ya mtaimbo: ardhi huisukuma juu, nayo hubandua ukuta kutoka kwenye mfupa. Matope na vijidudu hupenya kwenye nafasi iliyofunguka, uozo hupanda kwa ndani, na mwenye punda huja kushtuka usaha umekwisha kutunga.

Sababu za mtanuko ni nyingi, na fundi anayekata bila kuitafuta sababu atarudi kukata palepale. Ya kwanza ni kukosa kusagika kwa kwato za mnyama anayeshinda amefungwa kwenye nyasi laini. Ya pili ni mguu kukanyaga upande mmoja zaidi ya mwingine, na kuufanya upande wa pili ukue na kutambaa nje. Ya tatu haifikiriwi sana, nayo ni chakula. Punda ameumbwa kuishi kwa majani makavu yasiyo na nguvu nyingi. Akimwagiwa pumba za mahindi au akaachiwa majani mabichi mengi, hunenepa shingo, na matabaka ya ndani ya ukwato yanaweza kuvimba na kudhoofika. Kwa punda wa namna hiyo tupa peke yake haitoshi. Mwenye punda hana budi kupunguza chakula.

Kazi yenyewe huanza kwa macho. Punda husimamishwa mahali pagumu na tambarare, akatazamwa mbele, ubavuni na nyuma. Fundi husoma sentimita mbili tatu za juu, chini tu ya nywele, kwani hapo ukuta ni mpya na haujapata muda wa kupinda. Mwelekeo wa sehemu hiyo ndio ukweli wa ukwato ule, na mstari wake ukiendelezwa kwa mawazo hadi ardhini huonyesha ukuta ulipaswa kufika wapi. Anayetumia farasi wa vitabuni kama kipimo hukosea, kwa maana ukwato wa punda ni mwembamba zaidi, umesimama zaidi, na ukuta wake una unene unaokaribiana mbele na nyuma. Vilevile aliyezoea kukata kwato za ng'ombe wa maziwa, ambao Njombe inao wengi mabandani, hana budi kujifunza upya, maana ng'ombe ana kwato mbili kila mguu na hukanyaga kwa namna nyingine.

Baada ya macho ndipo mikono. Mguu huinuliwa chini ya mwili wa mnyama, si kwa kuvutwa pembeni, na haupandishwi juu sana. Uchafu huchokolewa, unyayo uliokufa na kumeguka huondolewa kwa kisu kilichopinda ncha, lakini ule mgumu hauguswi. Koleo hupunguza ukuta uliozidi, na tupa huusawazisha hadi ukaribie usawa wa unyayo. Kisha huja hatua inayoondoa mtanuko hasa: ukingo wa nje hukatwa kimshazari kutoka chini, ili sehemu iliyochomoza isikanyage tena. Isipokanyaga, haivuti. Ukuta unaoota juu hupata nafasi ya kushuka umeushika mfupa.

Kwa upande wa nje, tupa hupita kwenye theluthi ya chini tu. Wako mafundi wanaoipandisha hadi karibu na nywele ili ukwato utoke umenyooka siku hiyohiyo. Huo ni urembo wa mnadani: ukuta umepunguzwa unene pale unapohitaji nguvu, na kiungo cha ndani kimebaki kimeachana vilevile. Panga na msumeno ni vibaya zaidi. Mkata kwato stadi hubonyeza unyayo kwa dole gumba, na ukibonyea huacha. Akiona wekundu hafifu, huacha. Mtanuko mkubwa huuondoa kwa awamu, wiki sita hadi kumi kati ya moja na nyingine. Uvumilivu huo ndio unaostahili sifa katika kazi hii, kwa sababu kinachoachwa bila kukatwa hakimwonyeshi mwenye punda kwamba amefanyiwa chochote, na malipo hutolewa kwa kinachoonekana.

Wazo la kuacha ardhi ifanye kazi yake si geni. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki Xenophon alishauri uwanja wa mbele ya zizi umwagwe mawe ya mviringo ili kwato za farasi zikomae. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Jaime Jackson, aliyekuwa akiwapigilia farasi vyuma, aliwachunguza farasi-mwitu wa Nevada, akaona kwato fupi zenye kingo zilizoviringika ambazo hakuna aliyezikata. Kitabu chake cha mwaka 1992 kiliwavuta wengi waachane na vyuma. Punda wa Afrika Mashariki kwa kawaida havai chuma. Anachokosa katika nyanda za mvua ni mahali pakavu pa kusimama, na kifusi cha changarawe mbele ya banda, kwa gharama ya toroli chache, humsaidia kuliko dawa.

Punda huficha maumivu, hivyo anayechechemea waziwazi ameumia muda mrefu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima, na ukwato ulioachwa ukatanuka ni mateso ya namna hiyo. Mwenye punda anayetaka kuanza, amwite mtaalamu wa mifugo Juni, udongo ukikauka. Ukuta mpya huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili kushuka kutoka kwenye nywele hadi ardhini.