Agizo na Uhuru katika Kinyago cha Mpingo

Kazi ya mikono ina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mnunuzi, ambaye hutaka kitu anachokijua; bwana wa pili ni moyo wa fundi, ambao hutaka kitu kisichojulikana bado. Fundi amtumikiaye wa kwanza peke yake hula akashiba, lakini mikono yake huwa kama ngamia wa kinu cha mafuta, azungukaye kutwa asifike popote. Amtumikiaye wa pili peke yake huenda akasifiwa, lakini aghalabu sifa huja baada ya maziko, na watoto wake hawali sifa. Wahakiki wengi wameuliza ni bwana yupi kati ya hao astahiliye kutiiwa. Swali hilo halikuwekwa sawa. Vinyago vya Wamakonde, vikitazamwa kwa makini, vyaonyesha kwamba jambo la kupimwa si kuwapo au kutokuwapo kwa agizo, bali ni kile ambacho agizo limekitaja.

Yafaa kuanza na kinyago kilichotangulia duka. Wamakonde, ambao nchi yao iko pande zote mbili za Mto Ruvuma, wana kinyago cha ngoma kiitwacho lipiko, na kwa wingi mapiko. Kinyago hicho hakikuchongwa kwa starehe ya fundi. Kilitakiwa kwa ngoma za jando, na masharti yake yalikuwa makali: kiwe chepesi ili mchezaji aweze kucheza nacho kichwani, kimfiche aliyekivaa, kiwashtue watazamaji. Kwa sababu hiyo hakikufanywa kwa mpingo, ambao ni mzito hata huzama majini, bali kwa mti laini; nywele za binadamu zikabandikwa, na chale za uso zikatengenezwa kwa nta ya nyuki. Walakini ndani ya masharti hayo sura ilikuwa mali ya fundi. Alichonga mzee, akachonga mgonjwa, akachonga mwanamwali; na wageni walipoingia nchini, akamchonga mgeni pamoja na kofia yake. Agizo lilitaja haja, wala halikutaja umbo. Haja ilimfunga fundi mikono kidogo, ikamwacha macho yake wazi.

Kinyago cha mpingo kiuzwacho mjini kina nasaba nyingine. Wamakonde wengi walihama Msumbiji wakaingia Tanganyika kutafuta kazi, wengine wakakata mkonge mashambani. Na wenye ujuzi wa tezo na patasi wakaona kwamba kuna watu wanunuao vinyago. Wanunuzi hao walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni, wamisionari na wasafiri. Kila mmoja alikuja na picha kichwani mwake: mwanamke mwenye mtungi, mzee mwenye kiko, Bikira Maria na mwanawe. Hapa agizo lilitaja umbo. Ustadi katika kazi hizo haukanushiki: mpingo ni mgumu, nao umelainishwa kwa tupa na msasa mpaka ukang'aa kama maji ya usiku. Lakini yule mzee mwenye kiko si mzee wa mtu yeyote. Hana kijiji, hana deni, hana mjukuu. Jicho humpitia kama kiganja kinavyopita juu ya meza, lisikwame popote. Hilo ndilo pungufu la kazi, na si haki kumlaumu mchongaji kwa pungufu alilolipiwa.

Katika miaka ya 1950 jambo jipya lilizuka Dar es Salaam. Masimulizi humtaja Samaki Likankoa kuwa aliyetangulia kuchonga katika mpingo lile umbo liitwalo shetani: kiumbe mwenye viungo vilivyopindana, jicho moja hapa na mdomo kule, mwili wenye tundu mahali pa tumbo. Umbo hilo halikuagizwa na mtu. Lilitoka katika hadithi za pepo na majini, na katika mti wenyewe, maana mpingo hukua umepinda, na asiyeagizwa mzee mnyoofu aweza kuufuata upindaji wake. Lakini habari hii haikamiliki pasipo mtu wa pili. Mfanyabiashara Mohamed Peera alikinunua kitu ambacho hakukiagiza, akawatia moyo wachongaji waendelee. Tendo lake halikuhitaji tezo, lakini lilihitaji ujasiri, maana fedha iliyotolewa kwa kitu kisicho na soko bado ni fedha iliyohatarishwa. Asemaye kuwa uhuru wa sanaa huzaliwa mbali na biashara hana budi kulitazama duka hili mara ya pili.

Msiba wa uvumbuzi ni kupendwa. Shetani alipopendwa aliagizwa. Alipoagizwa alipimwa kwa inchi. Na baada ya muda wageni walimtaka shetani kama walivyomtaka mzee mwenye kiko. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kinyago cha watu waliopandana juu ya gogo moja, ambacho mwanzo wake hunasibishwa na Yakobo Sangwani. Inasimuliwa kuwa kwanza kilimwonyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake, kikaitwa dimoongo. Kisha, katika zama za siasa ya Azimio la Arusha la 1967, kikajulikana kwa jina la ujamaa. Katika kazi njema ya namna hiyo kila mtu abeba na abebwa: mguu wa huyu ni bega la yule, na jicho hupanda polepole likitafuta mahali mzigo unapoishia, lisipaone. Katika kazi iliyoagizwa kwa urefu na idadi ya vichwa, watu wamepangwa kama matofali. Wako pamoja, lakini hakuna abebaye. Jina ni lile lile, maana imeondoka.

Mwanafunzi wa ushairi hatashangazwa na tofauti hii. Mtunzi aombwaye shairi la harusi hupewa jina la bwana na bibi, na siku ya karamu. Vina na mizani amevikuta. Vyote hivyo ni vifungo, na hakuna kimoja kimzuiacho kusema neno ambalo halijasemwa. Lakini akiambiwa alete shairi lile lile lililosomwa kwa jirani, majina tu yabadilishwe, amekwisha kuwa mwandishi wa nakala.

Hasara ya nakala si ya fundi peke yake. Mpingo hukua polepole sana, na mti ufaao kukatwa huwa umesimama kwa miaka 70 au zaidi. Kila mzee mwenye kiko asiye mzee wa mtu ametumia umri wa mtu mzima. Kadhalika kijana anayejifunza kazi kwa kurudia umbo moja hujua njia ya tupa, asijue njia ya fikira. Na siku umbo lile litakapochusha, atakuwa hana lingine.

Hata hivyo haifai kumhubiria fundi njaa. Kazi kumi na mbili za kufanana hulipa kodi ya kibanda, hununua gogo, humpeleka mtoto shule. Mkono mtupu haulambwi. Fundi mwenye busara hupokea agizo, lakini huliuliza: mnunuzi ana haja gani? Akitaka zawadi ya kumuaga mwalimu, na ataje mwalimu, ataje ukubwa, ataje bei na siku. Umbo amwachie mwenye patasi. Na katika kila magogo aliyonunua kwa fedha ya maagizo, fundi aweke moja lisilo na mwenyewe, aliache kivulini mpaka litakapomwambia limepinda wapi.

Mhakiki naye ana deni lake. Aache kukidharau kinyago kwa sababu kimeuzwa, na aache kukisifu kwa sababu hakikuagizwa. Akikishika mkononi, na aulize swali moja: je, kuna mahali ambapo jicho limekwama? Likikwama, fundi alikuwapo.